Ukaazi wa kodi: namna ya kuuthibitisha, na la kufanya nchi mbili zinapokugombania

Robert Gaines-Cooper alihamia Shelisheli mwaka 1976. Miaka iliyofuata aliendelea kuitembelea Uingereza, akiamini kwamba wastani wa siku zake ukibaki chini ya 91 kwa mwaka yuko salama, maana kijitabu cha mamlaka ya kodi ya Uingereza kilikitaja kiwango hicho. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikamwambia hesabu yake haimsaidii. Kabla hatujafika kwenye siku, walisema majaji walio wengi, mtu awe ameondoka kweli, amekata mafungamano yake na nchi. Yeye alikuwa bado na nyumba na uhusiano mwingine Uingereza.

Nimeanza na kesi hiyo kwa kuwa karibu kila anayeuliza habari za ukaazi wa kodi, yaani nchi ipi ina haki ya kukutoza kodi kama mkaazi wake, huanza na siku 183, kiwango cha siku za kuwepo nchini ambacho sheria nyingi hukitaja, kana kwamba namba hiyo ni kinga. Siku zina uzito wake, na tutazihesabu. Lakini ugomvi mwingi wa ukaazi huamuliwa na makaratasi: nani anaweza kuonyesha, miaka minne au mitano baadaye, alikuwa akilala wapi, mke au mume na watoto walikuwa wapi, na funguo za nyumba ipi zilikuwa mfukoni mwake.

Mwongozo huu ni wa mtu binafsi: aliyeajiriwa nje, anayefanya kazi mtandaoni akihama nchi hadi nchi, mstaafu, mwenye mali sehemu mbili. Kampuni zina kanuni zake na siziingilii hapa.

Kabla ya yote: vitu vinne visivyo kimoja

Uraia, kibali cha kuishi, anwani uliyoandikisha, na ukaazi wa kodi ni vitu vinne tofauti. Unaweza kuwa na pasipoti ya nchi usiyodaiwa hata senti, na ukadaiwa na nchi ambayo hujawahi kuomba kibali chake cha kudumu. Marekani ndiyo kubwa katika chache zinazovunja kanuni hii: huwatoza raia wake popote walipo, na mwenye grini kadi humhesabu mkaazi hata akiishi nje.

Anwani kwenye daftari la serikali nayo haitoshi. Mchezaji tenisi Boris Becker alikuwa amejiandikisha Monaco, lakini mwaka 2002 mahakama ya Munich ilimtia hatiani kwa kukwepa kodi ya miaka ya 1991 hadi 1993, ikiona kwamba makazi yake halisi yalikuwa Munich. Alipewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa.

Hatua ya 1: Soma sheria ya kila nchi peke yake

Usianze na mkataba wa kodi kati ya nchi mbili. Anza na sheria ya ndani ya nchi A, ujibu: kwa sheria hii, mimi ni mkaazi? Kisha uifanyie nchi B vilevile. Mkataba una kazi pale tu nchi zote mbili zinapojibu ndiyo.

Na majibu hayafanani. Ujerumani inatazama kwanza kama una nyumba unayoweza kuitumia wakati wowote. Ukiwa nayo, hesabu ya siku haina haja. Ufaransa inauliza familia yako iko wapi, mahali pako pakuu pa kukaa ni wapi, kazi yako kuu iko wapi na kitovu cha uchumi wako kiko wapi, na jibu moja tu likiangukia kwake linatosha. Uswisi inaweza kukuhesabu mkaazi baada ya siku 30 ukifanya kazi, au 90 usipofanya. Kenya na Tanzania zina sheria zinazofanana: makazi ya kudumu nchini pamoja na kuwepo siku yoyote ya mwaka, au siku 183 ndani ya mwaka, au wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Watu wengi huikumbuka ile ya 183 na kuisahau ya kwanza, ambayo ndiyo kali zaidi.

Upande wa pili zipo nchi zinazokupokea kwa siku chache. Falme za Kiarabu, tangu Machi 2023, zinamkubali kwa siku 90 mwenye kibali cha ukaazi aliye na makazi ya kudumu au kazi huko. Kupro ina kanuni ya siku 60 yenye masharti, mojawapo likiwa kwamba usizidishe siku 183 katika nchi nyingine yoyote. Ni halali kuzitumia. Ila kupokelewa na nchi mpya hakumaanishi kwamba ya zamani imekuachia.

Angalia pia mwaka wa kodi unaanza lini. Uingereza ni Aprili 6, Australia Julai 1, nyingi nyingine Januari 1. Mtu aliyehama Machi anaweza kujikuta na miaka miwili ya kodi inayopishana, na cheti cha nchi moja kisifunike kipindi kinachobishaniwa na nyingine.

Hatua ya 2: Hesabu siku kwa kanuni ya nchi inayohesabu

Tengeneza jedwali la safari lenye tarehe na saa ya kuingia, tarehe na saa ya kutoka, nchi, sababu, na ushahidi. Saa ni muhimu kwa sababu siku haihesabiwi kwa namna moja. Uingereza kwa kawaida huhesabu siku uliyokuwepo usiku wa manane. Marekani huhesabu siku nzima hata ukiwepo saa moja tu, isipokuwa kama unapita kwenda nchi nyingine na hukai saa 24. Safari ya Jumatatu asubuhi hadi Jumanne jioni ni siku moja London na siku mbili New York.

Jaribio la Marekani linastahili mfano. Ukiwa huko siku 31 au zaidi mwaka huu, unachukua siku zote za mwaka huu, theluthi moja ya siku za mwaka jana na sehemu moja ya sita ya siku za mwaka juzi. Jumla ikifika 183, umeingia. Mtu anayekaa siku 120 kila mwaka anapata 120 + 40 + 20, yaani 180, na amepona. Akikaa siku 122 kila mwaka anagonga 183 kamili. Tofauti ya siku mbili! Anayekaa chini ya siku 183 ndani ya mwaka wenyewe bado ana mlango mmoja: kuonyesha kwa fomu 8840 kwamba makazi yake ya kodi na uhusiano wake wa karibu zaidi uko nchi nyingine.

Hispania ina mtego wake. Kutoka kwa muda mfupi hakukatwi kwenye hesabu: siku ulizosafiri zinaweza kuhesabiwa kama ulikuwepo, mpaka uthibitishe kwamba ni mkaazi wa kodi wa nchi nyingine. Isitoshe, mwenzi na watoto wadogo wakiwa wakaazi huko, sheria inadhania kuwa na wewe ni mkaazi, na kazi ya kuonyesha vinginevyo ni yako.

Siku zilizozidi kwa dharura zinaweza kusamehewa katika baadhi ya nchi, lakini usizitegemee. Uingereza inaruhusu hadi siku 60 kwa mazingira ya kipekee yaliyo nje ya uwezo wako. Mlipakodi mmoja aliyehamia Ireland alikuwa na nafasi ya siku 45 bila kuhesabiwa mkaazi. Akakaa Uingereza 50, akisema alibaki kumwokoa pacha wake aliyekuwa kwenye hali mbaya, pamoja na watoto wa pacha huyo. Alishinda ngazi ya kwanza, akashindwa ya pili, na Mahakama ya Rufani ikamrudishia ushindi mwaka 2025. Kodi iliyobishaniwa ilitokana na gawio la takriban pauni milioni 8 la mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2015. Karibu muongo mzima, kwa siku tano.

Hatua ya 3: Ondoka kwa namna inayoonekana

Hapa ndipo watu huteleza. Wanahama, lakini nyumba inabaki na samani, gari liko uani, simu ni ileile, daktari ni yuleyule. Mkaguzi akitazama toka nje haoni aliyeondoka, anaona aliyesafiri.

La kwanza na zito ni nyumba. Ukiiuza, umemaliza hoja. Ukiipangisha kwa mtu asiye jamaa yako, kwa mkataba wa kweli, na wewe huna tena haki ya kuingia na kulala, basi kwa kipindi hicho haihesabiki kama makazi yaliyo wazi kwako. Ukimwachia mdogo wako bila kodi ya pango huku chumba chako kikikungoja, bado ni yako. Nyumba ambayo mwenzi wako na watoto wanaishi ni yako pia, hata ukae nje miezi kumi na moja.

Mengine yafanye ndani ya wiki chache zilezile ili yaonyeshe tarehe moja ya kuhama: futa jina kwenye daftari la wakaazi palipo na daftari, waarifu mamlaka ya kodi kwa fomu yao ya kuondoka, wasilisha ritani ya mwaka wa kuhama ukitaja tarehe, badili anwani benki na kwenye bima, hamisha leseni na usajili wa gari. Hakuna hata moja linalotosha peke yake. Yakiwa pamoja yanaeleza jambo moja.

Usiogope kama kwenye nchi mpya hujanunua nyumba. Katika kesi ya Harding ya mwaka 2019, mfanyakazi wa Australia aliyekuwa Bahrain aliishi kwenye fleti za kupanga zenye huduma, akihama moja hadi nyingine. Mamlaka ilidai hana mahali pa kudumu pa kuishi nje. Mahakama ya Shirikisho ilikataa: mahali pa kuishi panaweza kuwa mji au nchi, si lazima mlango mmoja wenye namba. Kilichombeba ni kwamba alikuwa ameacha kabisa kuishi Australia.

Hatua ya 4: Jalada

Fungua jalada siku ya kuhama, si siku ya kupokea barua ya mamlaka ya kodi. Ushahidi uliozalishwa wakati mambo yakitokea una nguvu kuliko maelezo yaliyoandikwa baadaye, hata kama maelezo ni ya kweli.

Kinachowashawishi wakaguzi ni vitu vidogo visivyoweza kutungwa. Mkataba wa pango ni mzuri, lakini bili ya umeme na maji inayoonyesha matumizi ni bora zaidi. Nimeona watu wakiwasilisha kwa fahari mkataba wa nyumba ulioambatana na bili ya umeme ya miezi sita yenye matumizi karibu na sifuri. Kwa karatasi hiyo wameithibitisha hoja ya upande wa pili. Taarifa ya kadi ya benki huonyesha ulinunua mkate wapi Jumamosi. Kumbukumbu za simu huonyesha mtandao wa nchi gani ulikubeba. Ongeza barua ya shule ya watoto, miadi ya daktari na ya meno, uanachama wa klabu, mihuri ya pasipoti, na pasi za kupandia ndege, si tiketi tu, kwa sababu tiketi inathibitisha kununua, haithibitishi kuruka.

Pitia jalada lako kama adui. Weka taarifa za kadi kando ya jedwali la safari na uangalie tarehe kwa tarehe. Palipo na siku ambayo jedwali linasema uko nchi A na kadi imetumika dukani nchi B, andika maelezo sasa, ukiwa bado unakumbuka kwamba ni mwenzi wako aliyeitumia. Mitandao ya kijamii nayo ni jalada ambalo halikuombwa ruhusa: picha ya sherehe yenye tarehe na mahali husomwa na kila mtu, mkaguzi akiwemo.

Halafu kuna fomu za benki. Tangu 2017 nchi zilianza kubadilishana taarifa za akaunti kwa mfumo ulioandaliwa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), na sasa zilizomo zinazidi mia moja. Unapofungua akaunti unajaza tamko la nchi yako ya ukaazi wa kodi. Ukijaza nchi A kwenye benki moja na nchi B kwenye nyingine, hujaficha kitu. Umeandaa barua mbili zitakazokutana. Ukihama, sahihisha matamko yote. Na kama kweli una ukaazi wa nchi mbili, fomu ina nafasi ya kuandika zote.

Hatua ya 5: Cheti cha ukaazi wa kodi

Hiki ni waraka wa mamlaka ya kodi unaosema kwamba kwa kipindi fulani ulikuwa mkaazi wake. Marekani huutoa kama barua, fomu 6166, baada ya kuombwa kwa fomu 8802. Nchi nyingine hutoa cheti kupitia mfumo wa mtandaoni, au hugonga muhuri fomu ya nchi inayokitaka.

Unapoomba, taja mambo matatu bila kuyaacha yakisiwe: mwaka wa kodi, mkataba unaoutumia na nchi utakayokipeleka, na aina ya mapato. Cheti kisichotaja mkataba mara nyingi hukataliwa, kwa sababu kinathibitisha ukaazi kwa sheria ya ndani tu. Kiombe mapema, maana mlipaji wa gawio, riba au mrabaha atakata kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujalipwa) kwa kiwango kamili usipokuwa nacho mkononi, na kudai marejesho huchukua muda mrefu kuliko kuizuia isikatwe. Uliza pia kama kinahitaji tafsiri rasmi au uthibitisho wa apostili (muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hati).

Lakini kijue mipaka yake. Cheti kinasema nchi A inakutambua. Hakiizuii nchi B kukutambua pia. Nchi mbili zinaweza kutoa vyeti viwili vya mtu mmoja kwa mwaka mmoja, na vyote vikawa sahihi.

Hatua ya 6: Panda ngazi ya mkataba

Mikataba mingi ya kuepuka kutoza kodi mara mbili hufuata kielelezo cha OECD au cha Umoja wa Mataifa, na ibara ya 4 aya ya 2 ina ngazi. Unapanda kidato kimoja kimoja. Kidato kikitoa jibu, unasimama hapo. Soma mkataba wako wenyewe, maana baadhi hubadili mpangilio.

Kidato cha kwanza ni makazi ya kudumu yaliyo wazi kwako. Ukiwa nayo nchi moja tu, umemaliza. Chukua mhandisi asiye na familia, mwenye nyumba nchi B aliyoipangisha kwa mgeni, anayekodi fleti ya kudumu nchi A. Makazi yaliyo wazi kwake ni ya A, basi. Haijalishi kwamba akiba, wazazi na moyo wake viko B. Ndiyo maana nilikazania nyumba hapo juu.

Ukiwa na makazi pande zote, unauliza kitovu cha maslahi ya maisha kiko wapi: familia, urafiki, kazi, biashara, mahali unapoendeshea mali zako. Vyote hutazamwa kwa pamoja, na mwenendo wako una uzito kuliko maneno yako. Aliyefungua makazi ya pili huku akiacha ya kwanza mahali alipoishi maisha yake yote, na familia humo, atapata shida kusema kitovu kimehama.

Kisipopatikana, ni mahali unapokaa kwa kawaida. Hapa si kulinganisha tu siku 170 na 160. Hutazamwa mara ngapi, kwa muda gani na kwa mpangilio upi, katika kipindi kirefu cha kutosha. Kisha uraia. Uraia ukiwa wa nchi zote mbili au usiwe wa yoyote, mamlaka za nchi hizo zikubaliane zenyewe.

Tahadhari mbili. Ili kutumia ngazi hii ni lazima uwe unawajibika kwa kodi katika nchi unayoidai kwa sababu ya kukaa kwako huko. Katika nchi zisizotoza kodi ya mapato hoja hiyo huzua ubishi, na ni lazima usome mkataba husika unasemaje. Na mwenye grini kadi aliyekaa nayo katika miaka 8 kati ya 15 asiukimbilie mkataba kabla ya kupata ushauri, kwa sababu kudai ukaazi wa nchi nyingine kunaweza kuhesabiwa kwamba ameiachia, na kodi ya kuondoka ikafuata.

Hatua ya 7: Barua ikifika

Andika tarehe uliyoipokea na tarehe ya mwisho ya kujibu, kabla hujaisoma mara ya pili. Kukaa kimya ndilo kosa linalogharimu kuliko yote: mamlaka hutoa makadirio yake, na mzigo wa kuyapindua unakuwa wako.

Uliza wanategemea kipengele gani cha sheria. Nyumba? Siku? Familia? Jibu kipengele hicho. Mpangilio unaofanya kazi ni ukurasa mmoja au miwili wa maelezo kwa mtiririko wa tarehe, kila sentensi ikirejea kiambatisho chenye namba. Usimwage gunia zima la risiti. Mkaguzi asiyeona njia hutengeneza yake. Na usiandike jambo ambalo huna hakika nalo. Kosa la hesabu linasameheka, uongo hauna dawa, na ni mstari huo unaotenganisha deni la kodi na kesi ya jinai. Mwimbaji Shakira, aliyeshtakiwa Barcelona kwa kodi ya 2012 hadi 2014 ya zaidi ya euro milioni 14, alimaliza kwa makubaliano Novemba 2023, siku ya kufunguliwa kwa kesi, akikubali makosa na faini. Ubishi wenyewe ulikuwa alikuwa akiishi wapi, Hispania au visiwa vya Bahamas.

Makadirio yakitoka, weka pingamizi ndani ya muda, kisha rufaa. Uliza kama ni lazima kulipa sehemu ya deni ili pingamizi lipokelewe, na kama riba inaendelea kukua.

Hatua ya 8: Zipatanishe mamlaka mbili

Rufaa ya ndani inabishana na nchi moja tu. Unaweza kushinda nusu kila upande na bado ukalipa mara mbili. Kwa hilo mikataba ina utaratibu wa makubaliano, ibara ya 25 katika kielelezo cha OECD: unapeleka ombi kwa ofisi iliyoteuliwa ya nchi yako, nayo inazungumza na mwenzake. Muda ni miaka mitatu tangu taarifa ya kwanza ya kitendo kilichosababisha kutozwa kinyume cha mkataba. Mikataba mingine ina muda mfupi zaidi. Ombi liwe na miaka inayohusika, kiasi, ngazi ya ibara ya 4 ulivyoipanda, na jalada lako.

Ombi hili kwa kawaida halisimamishi saa ya rufaa ya ndani. Wasilisha vyote viwili, kisha omba rufaa isubiri. Jihadhari na hukumu ya mwisho, kwa sababu katika baadhi ya nchi mamlaka haiwezi kukubaliana kinyume cha mahakama yake. Lengo la nchi zilizojiunga na viwango vya OECD ni kumaliza mashauri kwa wastani wa miezi 24, na baadhi ya mikataba inaruhusu usuluhishi wa lazima baada ya miaka miwili zikishindwa kuelewana.

Zikielewana utaletewa makubaliano uyakubali au uyakatae, na kuyakubali kwa kawaida humaanisha kuiondoa rufaa. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha yanataja miaka yote, riba na adhabu, kwa sababu mara nyingi huzungumzia kodi yenyewe tu. Kisha rekebisha ritani nchi iliyokuachia na udai marejesho kwa maandishi. Hela hazirudi zenyewe.